Mgeni wa mwaka mzima: jibu kwa mwalimu wa Rau

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Rau, Moshi, na mume wangu, watoto wetu wawili, mama mkwe, na mdogo wangu anayenisaidia kazi za nyumbani. Shirika moja limetuomba tumpokee binti wa Kijerumani wa miaka 19, anakuja mwezi wa tisa kujitolea mwaka mmoja katika shule ninayofundisha. Tumekubali, lakini sasa nyumba nzima ina wasiwasi. Baba watoto anataka tuvunje choo cha kuchuchumaa tuweke cha kukaa. Mama mkwe anauliza atakula nini. Mimi nauliza: siku zake zitaendaje hapa kwetu, na nifanye nini asijute kuja?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Choo msivunje. Hela hiyo ina kazi nyingine, nitamwambia baba watoto mwishoni.

Nimekuwa nikiwatafutia vijana hawa familia za kukaa, Moshi na Arusha, tangu 2009. Miaka yote hiyo sijaona aliyerudi kwao kwa sababu ya choo, wala ugali, wala kuoga maji ya ndoo. Hayo wanayazoea wiki ya pili, na wakirudi nyumbani wanayasimulia kwa majivuno. Kesi zilizonitoa usingizini zote zilikuwa za aina moja: mgeni na mwenyeji wamekaa miezi minne, kila mmoja anadhani mwenzake amenuna. Sisi hatusemi, tunaonyesha. Mgeni akimaliza maji yote ya moto tunanyamaza, tunaguna kidogo, tunangoja aone mwenyewe. Huyo unayemsubiri amekulia mahali ambapo jambo lisiposemwa ni kama halipo. Kwa hiyo kupika usikuhangaishe sana. Kazi yako ni kusema kwa mdomo mambo ambayo kwa mgeni wa kwetu ungeona aibu hata kuyagusia.

Nikupe mfano wa upande wa pili, maana ndio ulionifungua macho. Mpango wa weltwärts, ambao serikali ya Ujerumani ilianzisha 2008 kupeleka vijana wake nje na ambao huenda ndio unaomleta binti wako, tangu 2013 unapokea pia vijana wa huku kwenda kujitolea kule. Binti mmoja wa Kibosho niliyemwandaa mwenyewe alifika, na saa moja jioni mama mwenyeji akamuuliza kama atakula mkate. Naye kama alivyofundwa akajibu, hapana, asante, nimeshiba. Akangoja abembelezwe mara ya pili. Mara ya pili haikuja. Mama wa watu akafunika jibini, akairudisha kwenye friji, akamtakia usiku mwema. Siku tatu mfululizo. Ya nne akanipigia simu analia, mama, hawa watu ni wachoyo. Hawakuwa wachoyo hata kidogo. Walisikia alichosema wakakiamini.

Sasa geuza mambo. Binti wako atapita kwa jirani, jirani ana sahani moja ya makande mkononi, atasema "karibu" kama tunavyosema wote, na binti atakaa chini ale. Utasikia mtaa mzima kwamba mgeni wako ana njaa. Mwambie mapema: "karibu" ya mtu aliyeshika sahani yake hujibiwa "asante, endelea", "karibu" ya mtu aliyekuvutia kiti ukaletewa maji ya kunawa ni ya kweli. Mwambie pia kwamba "pole" si kuomba msamaha. Niliwahi kuwa na kijana aliyedhani Watanzania wanajilaumu sana, kwa sababu kila alipojikwaa barabarani watu kumi walimwomba radhi.

Umeuliza siku yake itaendaje. Itaanza kabla hajataka ianze. Saa kumi na moja alfajiri mdogo wako anafagia uwanja, ile krrr-krrr ya fagio la chelewa chini ya dirisha, jogoo, adhana, redio ya jirani. Ataamka. Halafu atabaki chumbani. Wenyeji wengi wamenilalamikia hapo: mgeni wangu mvivu, watu wazima wako kazini yeye amelala. Nikimuuliza mgeni ananiambia, niko macho tangu saa kumi na moja, ila nikitoka wanaacha kazi zote wananiletea kiti. Sasa nani mkosaji? Mwalimu Nyerere alipokuwa akieleza Ujamaa mwaka 1962 aliikumbusha nchi ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaikariri wote, lakini mgeni akiwa Mzungu tunaisahau. Mwezi wa tatu bado amekalishwa kwenye sofa na soda, na moyoni tumeshamchoka.

Mpe kazi, na uitaje. "Ukitaka unaweza kusaidia" ni maneno matupu. Sema: Jumanne na Alhamisi vyombo vya usiku ni vyako, Jumamosi saa mbili tunakwenda wote Mbuyuni kununua mboga, wewe unabeba kikapu. Na kwenye hiyo saa mbili, hakikisha. Kichwani mwake saa mbili ni adhuhuri imepita. Mwezi wa kwanza, kila ukitaja saa ongeza "asubuhi" au "jioni" na umwonyeshe kwenye saa ya ukutani. Mdogo wako mweleze vilevile, asije akadhani anapokonywa kazi. Msichana wa kazi ndiye atakayekuwa mwalimu wa kweli wa Kiswahili kwa mgeni wako, kwa sababu ndiye atakayeshinda naye jikoni, na ndiye tunayesahau kumshirikisha.

Shuleni wewe ni mwenyeji kuliko mimi, ila nina mawili. La kwanza: ana miaka 19, amemaliza sekondari juzi. Si mwalimu, na Kiingereza si lugha ya mama yake. Nimeona shule zikimkabidhi mtoto kama huyo chaki na watoto tisini siku ya kwanza, walimu wakaenda zao ofisini kunywa chai. Usiruhusu. Akae Darasa la Kwanza miezi miwili, nyuma, kwenye dawati na watoto, asome nao silabi. Atacheka, watoto watacheka, na kufikia mwezi wa kumi na moja atakuwa anaweza kusahihisha madaftari na kumsaidia mtoto anayechelewa kusoma. Hapo ndipo anapofaa. Mengine ya "kufundisha" ni picha tu za simu, na kwenye picha pia mwambie kabisa: mtoto wa mtu hapigwi picha ikarushwa mtandaoni bila mzazi kukubali.

La pili ni fimbo. Najua hulipendi, lakini wewe ni mwalimu na mgeni anakuja kwenye shule yako, kwa hiyo tuliseme. Kwao mwalimu haruhusiwi kumchapa mtoto, na tangu 2000 sheria inamkataza hata mzazi. Huku kanuni ya 2002 inaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Wewe na mimi tunajua mstarini mambo yanavyokwenda. Wiki ya kwanza tu ataona watoto waliochelewa wamepangwa mstari mmoja. Mmoja wa vijana wangu alitoka getini analia, akatembea kwa miguu mpaka stendi, tukamtafuta hadi jioni. Mwenyeji wake, mwalimu kama wewe, alifedheheka akaona amedharauliwa mbele ya wenzake, na wiki mbili hawakusemeshana.

Kaa naye kabla hajaingia shuleni. Mwambie ataona nini. Mwambie wewe mwenyewe unaonaje, usijifiche nyuma ya "ndiyo utamaduni wetu", kwa sababu wapo walimu hapo hapo shuleni kwako wasioshika fimbo na ataligundua hilo haraka. Mwambie akikereka aje kwako nyumbani, asigombane na mwalimu mbele ya watoto. Na mwombe mwalimu mkuu jambo moja: asije mtu akampa fimbo kwa mzaha, "na wewe mchape mmoja". Mzaha huo umeshafanyika mbele yangu, na hakuna aliyecheka.

Tuje kwa mama mkwe, anayeuliza atakula nini. Atakula ugali, asiwe na shaka. Kinachompiga mgeni ni saa za kula. Kwao chakula cha jioni ni mkate na vitu baridi, saa kumi na mbili au saa moja. Kwetu jikoni moto unawashwa saa moja, sahani zinafika saa tatu. Saa moja na nusu utamwona mnyonge, hataki maongezi, utadhani amekukasirikia, kumbe ni njaa. Chai ya saa kumi na moja jioni na kiazi kitamu cha kuchemsha au karanga inamaliza tatizo lote.

Na jiandae kuambiwa hali nyama. Wasichana wengi wa umri wake siku hizi hawali, na si ugonjwa wala mwiko wa dini. Nilikuwa kwenye nyumba moja Machame, bibi amepika machalari ya heshima, akaambiwa mgeni hatumii nyama. Bibi hakubishana. Alichukua kijiko, akaopoa vipande kimoja kimoja akavitia kwenye bakuli la babu, akasogeza sufuria: "Haya mwanangu, nyama nimeitoa yote." Mafuta yalikuwa yanaogelea juu ya ndizi. Binti alitazama lile sufuria, akamtazama bibi, akala. Usiku akaniandikia ujumbe anauliza kama amefanya dhambi. Nikamjibu amekula mchuzi na heshima, alale. Lakini kwa mwaka mzima usimtegee hivyo. Una bahati, huku Uchagani tuna kiburu, ndizi na maharage, hakidai nyama. Kuna makande, kuna mchicha na ugali wa dona, kuna uji wa ulezi asubuhi. Mama mkwe akimpikia kiburu mara mbili kwa wiki atapata mjukuu mpya.

Maji ya kunywa yachemsheni, yawe na jagi lake mezani. Tumbo litamchafuka mara moja au mbili hata mkifanya yote sawasawa, weka paketi za chumvichumvi za kuchanganya na maji. Homa je? Homa yoyote hospitali, kupima malaria siku hiyo hiyo, msisubiri kesho. Namba ya bima yake iandikwe kwenye karatasi ibandikwe mlangoni kwa ndani, si kwenye simu yake ambayo itakuwa imeisha chaji.

Bafuni ndiko wenyeji wanakoona haya kuzungumza, na ndiko balaa linakotokea. Mdogo wako amwonyeshe, msichana kwa msichana, mkiwa mmefunga mlango: ndoo moja, nusu maji moto nusu baridi, kopo, unasimama hapa. Karatasi ya chooni inatupwa huku. Pedi inafungwa kwenye gazeti inawekwa kwenye ndoo ile yenye mfuniko, Jumamosi inachomwa. Chupi anafua mwenyewe, na anaanika chini ya kanga. Usipomwambia hili la mwisho ataanika kwenye kamba mbele ya baraza, na shemeji zako watakuja kusalimia.

Sasa mlango. Hili nalipa nafasi kuliko pasi ya kusafiria. Siku moja, mwezi wa pili hivi, atarudi shuleni, ataingia chumbani, atafunga mlango, hatatoka mpaka chakula. Kesho tena. Kwetu mtu anayejifungia ni mgonjwa, ana hasira, au kuna msiba. Utatuma mtoto agonge. Mtoto atagonga, "mama anakuita". Atatoka, atakaa nanyi sebuleni nusu saa anatabasamu kwa shida, atarudi ndani. Mama mkwe atasema, huyu hatupendi. Wakati huo binti anawaandikia wazazi wake: hapa hawaniachi peke yangu hata dakika tano.

Kutomwacha mgeni peke yake ni adabu yetu, na ni nzuri. Yeye amezungumza lugha asiyoijua tangu saa moja asubuhi, ameitwa Mzungu mara hamsini njiani, kichwa kimejaa. Mlango kwake ni kama kivuli cha mwembe saa saba mchana. Kwa hiyo siku ya pili au ya tatu tu mkubaliane neno. Familia moja Majengo walitumia "napumzika". Akisema "napumzika" hakuna anayegonga, mpaka chakula kiive. Naye akakubali kitu kimoja upande wake: kabla hajaingia chumbani anapita sebuleni kwanza, anamwamkia bibi, anauliza habari za mchana. Dakika mbili. Bibi yule alikuwa wa kwanza kumtetea mtaani.

Pesa. Shirika litakulipa kiasi cha chakula na malazi. Kiandikwe, na binti akijue, ili asidhani anakula bure wala asidhani unatajirika kwake. Mwonyeshe risiti ya LUKU. Mwambie nyumba inatumia umeme wa kiasi gani kwa wiki na kompyuta yake ikiongezeka inakuwaje. Kisha kusanya ndugu. Nasema hivi kwa uchungu: ndugu yangu mwenyewe, wa tumbo moja, alikopa laki tatu kwa kijana niliyekuwa naye nyumbani kwangu, akasema ni ada ya mtoto. Kijana hakuniambia kwa sababu aliambiwa "usimwambie dada". Nilikuja kujua siku anafunga mabegi. Nikamlipa mimi, lakini lile tabasamu la mwisho uwanja wa ndege halikuwa lile la mwanzo. Tangu hapo nina sheria moja kwa kila nyumba, nayo husemwa siku ambayo wote wapo mezani: anayeomba hela kwa mgeni aniombe mimi kwanza. Na mgeni anaambiwa jibu la kumpa yeyote atakayekuja kwa mlango wa nyuma: "muulize mama".

Vibali ni kazi ya shirika, ila wewe kagua. Visa ya utalii haimruhusu kufanya kazi, hata ya bure; anayejitolea mwaka mzima anahitaji kibali cha ukaazi daraja C. Omba nakala, uweke ndani, na wiki ya kwanza mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa ajulikane. Afisa uhamiaji akija shuleni kuuliza hutakuwa na cha kubabaika.

Kuna siku moja nataka uiandike kwenye kalenda leo. Desemba unajua Uchagani kunavyokuwa: watu wanashuka kutoka Dar na Arusha, mabasi yamejaa, migombani kuna harufu ya mbege, kila mji unachinja. Mtakuwa mmepanda kijijini kwa wakwe, na tarehe 24 nyote mko mbioni, huyu anachuna mbuzi, huyu anamenya ndizi, watoto wanakimbizana. Kwetu sikukuu ni kesho yake. Kwao sikukuu ni jioni ile ile ya tarehe 24. Ndipo familia inapokaa, mishumaa inawashwa, zawadi zinafunguliwa. Saa moja jioni atatoweka. Mtamkuta nyuma ya nyumba ameshika simu isiyo na mtandao. Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilidhani wamefiwa. Sasa kila mwenyeji namwomba: alasiri ya tarehe 24 mteremshe mpaka penye mtandao apige simu kwao, halafu jioni washa mshumaa mmoja mezani, kaeni naye robo saa, watoto waimbe chochote wanachokijua. Mbuzi atasubiri.

Haya, baba watoto. Choo cha kuchuchumaa kiacheni; kinachomtesa mgeni ni kukikuta hakina maji. Kwa hela ile nunueni tangi la lita 1000 liwekwe juu, maji yakikatika siku mbili msihangaike na madumu. Itakayobaki, chandarua kizuri cha mwavuli, na kitasa chenye ufunguo kwenye mlango wa chumba chake. Ufunguo mmoja apewe yeye, wa pili ukae kwako.